Je, Majina ya Mahali Yenye Historia ya Utumwa Yabadilishwe?

Tarehe 23 Agosti 2025, mtaa mmoja katikati ya Berlin uliokuwa ukiitwa Mohrenstraße ulipewa rasmi jina jipya, Anton-Wilhelm-Amo-Straße, baada ya mabishano ya miaka mingi na kesi zilizofunguliwa na baadhi ya wakazi wake. Siku yenyewe ilikuwa na maana, kwa kuwa tarehe 23 Agosti ndiyo iliyotengwa na UNESCO kila mwaka kukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Habari za namna hii zinapotufikia, mjadala hupamba moto haraka. Yupo anayeuliza mbona Wajerumani wamebadilisha majina yao na sisi bado tuna Bagamoyo. Yupo anayejibu kwamba kubadilisha jina ni kufuta historia. Na yupo anayesema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, sisi hayatuhusu. Watatu hao hawapingani hasa, kwa sababu kila mmoja ana jambo lake kichwani, na mambo yote matatu yamewekwa chini ya swali moja.

Ni vyema basi kuyatenganisha kabla ya kuyahukumu. Mahali panaweza kuwa na jina lenye uhusiano na utumwa kwa namna tatu. Kwanza kuna jina la kuenzi, yaani jumba, shule au barabara inayopewa jina la mtu ili aheshimiwe, na mtu huyo akawa alinunua, aliuza, alisafirisha au alitajirika kwa watumwa. Kuna pia jina la kumbukumbu, ambapo mahali panaitwa kwa jambo lililotokea pale au kwa watu walioishi pale, bila nia ya kumtukuza yeyote. Na kuna jina la dharau, ambalo lenyewe ni lugha ya kumshusha mtu, kama lilivyokuwa hilo la Mohrenstraße, lililojengwa juu ya neno la zamani la Kijerumani la kumtaja mtu mweusi. Katika familia zetu tofauti hii inaeleweka bila kufundishwa: mtoto akipewa jina la babu yake, hiyo ni heshima kwa babu, na hakuna anayempa mwanawe jina la mtu aliyeidhulumu familia, lakini kisima alichozama mtoto kikiendelea kuitwa kwa jina la mtoto huyo, hakuna anayedhani kwamba watu wanakisifu kisima.

Jina la dharau halihitaji maelezo mengi. Anayetukanwa nalo ndiye anayejua uzito wake, na mji unaolibakiza unajua unachokibakiza. Niongeze tu kwamba Berlin haikuridhika na kuliondoa, bali ililibadilisha kwa jina la mtu ambaye maisha yake yanaeleza yale ambayo neno la zamani lilikuwa likiyaficha. Anton Wilhelm Amo alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18 karibu na Axim, katika nchi ambayo leo ni Ghana, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo na kukabidhiwa kwa mtawala wa Wolfenbüttel, akasoma sheria na falsafa, akafundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena, na mwaka 1729 akawasilisha hoja za kisheria kuhusu haki za Waafrika waliokuwa Ulaya. Baadaye alirudi kwao na kufia huko.

Jina la kuenzi na hoja ya kufuta historia

Aina ya kwanza ndiyo iliyoleta kelele nyingi zaidi duniani, na mfano wake mashuhuri ni Edward Colston wa Bristol, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1636 na kufariki mwaka 1721. Colston alikuwa miongoni mwa viongozi wa Royal African Company, kampuni ambayo katika miaka aliyohusika nayo inakadiriwa kuwa ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000 kuvuka Atlantiki, na wapatao 19,000 kati yao wakafia njiani. Alitoa fedha nyingi kwa shule, makao ya wazee na makanisa ya mji wake, na ndiyo sababu majengo na taasisi kadhaa za Bristol zikaja kubeba jina lake. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha sanamu yake na kuitupa bandarini, na miezi michache baadaye jumba la muziki lililojulikana kwa jina lake tangu mwaka 1867 likaitwa Bristol Beacon.

Waliomtetea walisema kwamba Colston alikuwa akienziwa kwa ukarimu wake, wala si kwa utumwa. Hoja hii nimeifikiria sana, na sioni namna inavyoweza kusimama. Ukarimu huo ulilipiwa na watu waliokuwa wamefungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama wangependa kuchangia shule za Bristol. Anayetaka kumshukuru mfadhili ni lazima aangalie pia fedha zilitoka mfukoni mwa nani.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kufuta historia, na hapa ndipo watu wengi wema hukwama. Wanadhani kwamba jina la mtaa ni ushahidi ulioachwa na wahenga, mfano wa kigae kinachochimbuliwa Kilwa Kisiwani, na kwamba anayeligusa anaharibu ushahidi. Tuangalie tarehe. Sanamu ya Colston ilisimamishwa mwaka 1895, miaka 174 baada ya kifo chake. Mwaka huohuo, huko Berlin, ukingo mmoja wa mto Spree ulipewa jina la Otto Friedrich von der Groeben, aliyejenga ngome ya Groß Friedrichsburg katika pwani ya Ghana ya leo mwaka 1683, ngome iliyotumika kusafirisha watumwa. Zilipita zaidi ya karne mbili bila ukingo huo kuitwa kwa jina lake, kisha Ujerumani ilipokuwa imeingia katika kutwaa makoloni Afrika ikamkumbuka ghafla. Kwa hiyo majina haya hayakuzaliwa na matukio yenyewe. Yalikuwa uamuzi wa kizazi kilichokuja baadaye, kikiwa na haja zake, na uamuzi wa kizazi kimoja unaweza kupitiwa upya na kizazi kingine bila historia kupungukiwa na ukurasa wowote. Mwaka 2010 ukingo huo uliitwa May-Ayim-Ufer, kwa heshima ya mshairi Mjerumani ambaye baba yake alitoka Ghana, na pakawekwa pia kibao cha maelezo kinachomtaja Groeben na ngome yake. Mpita njia wa leo ana nafasi kubwa zaidi ya kujua habari za Groeben kuliko yule wa zamani aliyesoma jina tupu.

Wissmann, Frere na bendera ya kupinga utumwa

Mjadala wa Berlin unatugusa sisi moja kwa moja, wala si kwa huruma ya mbali. Katika eneo la Neukölln kulikuwa na mtaa wa Wissmannstraße. Hermann von Wissmann ndiye aliyeletwa Afrika Mashariki mwaka 1889 kuzima vita vya watu wa pwani waliokuwa wameikataa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria Februari mwaka huo na kutenga marki milioni 2, na sheria yenyewe ilisema kwamba fedha hizo ni za kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Wissmann aliajiri askari Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, akapiga miji ya pwani, na Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, akanyongwa Pangani Desemba 1889.

Sasa tazama kilichofuata. Utawala uliokuja kwa bendera ya kukomesha utumwa haukuukomesha utumwa. Katika koloni lote la Wajerumani, kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali, na hatua kubwa waliyoichukua ilikuwa amri ya mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla ya hapo walibaki walivyo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Sanamu ya Wissmann, iliyosimamishwa Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliondolewa na Waingereza, ikaishia Hamburg, ikasimamishwa tena karibu na chuo kikuu mwaka 1922, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Na mwaka 2021 ule mtaa wa Neukölln ukaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa mzaliwa wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika wadhifa katika serikali ya Tanganyika huru. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Agosti 2024, sehemu ya barabara nyingine ya Berlin iliyojulikana kama Petersallee ikaitwa Maji-Maji-Allee. Barabara hiyo ilikuwa imepewa jina la Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, mwaka 1939, wakati wa Wanazi.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linavunja dhana iliyozoeleka mno, kwamba kila aliyetamka kuwa anapinga utumwa ni mtu msafi ambaye jina lake halihitaji kuchunguzwa. Dhana hiyo inatuletea mtihani nyumbani pia. Kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, kuna Frere Town, ambayo leo ni jina la wadi katika eneo bunge la Nyali. Jina hilo ni la Bartle Frere, mwanadiplomasia Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge masoko ya watumwa. Barghash alimkatalia, na mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni 1873 baada ya Frere kuondoka, kwa kitisho cha kuzingirwa na manowari. Mwaka 1875 wamisheni wa Kianglikana wakaanzisha kijiji cha watumwa waliookolewa kutoka majahazini, na miongoni mwa waliokijenga walikuwamo Waafrika waliolelewa na misheni huko India. Kengele iliyogongwa kuwatahadharisha wakazi hatari inapokaribia ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, na makondakta wa matatu wanalitaja jina hilo kila siku.

Frere huyohuyo, akiwa mjumbe mkuu wa Uingereza Afrika Kusini, ndiye aliyempelekea Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, masharti yasiyotekelezeka Desemba 1878, na vita vikaanza mwezi uliofuata. Je, Frere Town ibadilishwe jina? Ukimpima Frere peke yake, ungeweza kusema ndiyo. Lakini jina hilo limekaa midomoni mwa waliokombolewa na wajukuu wao kwa karibu miaka 150. Kwao limekuwa jina la mahali babu zao walipoacha kuwa mali ya mtu. Lilianza kama jina la kuenzi, likageuka kuwa jina la kumbukumbu. Kwa maoni yangu, hakuna mtu wa Nairobi, Dar es Salaam au London mwenye haki ya kuliondoa kabla ya wajukuu hao kuamua. Wakitaka liondoke, liondoke.

Bagamoyo na Kilwa

Turudi kwa yule aliyeuliza habari za Bagamoyo. Hadithi wanayosimuliwa watalii ni kwamba mji uliitwa hivyo na watumwa waliobwaga mioyo yao pale, kwa kuwa mbele ilikuwa bahari na nyuma hapana kurudi. Wanahistoria kadhaa huegemea upande wa wapagazi, hasa Wanyamwezi, waliotua mizigo yao ya pembe za ndovu na kupumzisha moyo baada ya miezi ya kutembea kutoka bara. Kwa swali letu haidhuru upande upi ni sahihi, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: jina lilitolewa na waliobeba mzigo, na hakuna tajiri wala dalali anayetukuzwa nalo. Kuliondoa kungekuwa ni kuwanyang'anya neno watu ambao hawakuachiwa chochote kingine. Nalisema bila kusitasita: Bagamoyo isiguswe. Hukumu hiyohiyo naitoa kwa Shimoni, kusini mwa Mombasa, ambako wenyeji wanahifadhi pango wanalosimulia kwamba mateka walifungwa ndani yake wakisubiri vyombo.

Lakini swali la Bagamoyo linaficha jambo kubwa zaidi. Bandari iliyotoa watumwa wengi kuliko zote katika pwani hii ilikuwa Kilwa Kivinje. Bagamoyo ilikuwa zaidi ya yote mlango wa pembe za ndovu. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje, na katika miaka ya 1860 walitoka pale watu wanaokaribia 20,000 kwa mwaka, wengi wao wakipelekwa Unguja. Kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Hata hivyo hakuna neno lolote katika jina la Kilwa Kivinje linalomdokezea msafiri habari hii. Vivyo hivyo Mkunazini, mahali pa soko kuu la Unguja, panaitwa kwa jina la mti. Kama tungekuwa tunatafuta utumwa katika majina pekee, tungepita Kilwa na Mkunazini bila kugeuza shingo.

Mkunazini pameokolewa na kilichojengwa pale. Baada ya soko kufungwa mwaka 1873, msingi wa Kanisa Kuu la Kristo uliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, na mwaka 1998 pembeni mwa kanisa ikawekwa kazi ya mchongaji Msweden Clara Sörnäs. Ni shimo la mstatili lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi, na ndani yake zimesimama sanamu za watu watano, wanaume kwa wanawake, wamefungwa mnyororo wa chuma shingoni. Mtazamaji yuko juu, wao wako chini, na ili kuwaangalia usoni inakubidi uiname. Pale kinachomfundisha mgeni ni shimo lile, kwa sababu jina la mahali lisingemwambia neno.

Hapa ndipo ninapoona tofauti yetu na Ulaya. Shida ya Bristol na Berlin ilikuwa sifa: watu walioshiriki dhuluma walipewa mitaa na sanamu. Shida yetu pwani ni ukimya. Mitaa yetu haijajaa majina ya wafanyabiashara wa watumwa, ila tumejaa mahali palipotendeka mambo mazito pasipo na maandishi hata mstari mmoja. Ukimya huu una sababu, na sababu zenyewe si za aibu kuzitaja. Utumwa ulikoma karibu sana na sisi: Zanzibar uliondolewa kisheria mwaka 1897, tena kwa sharti kwamba mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa mtumwa mwaka 1900 angeweza kuwa hai, akiwa na miaka 61, bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa. Wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana wameoana, wanasali safu moja, wanazikana. Wazee wengi waliamua kwamba asili ya mtu isiulizwe sana, na wengine walijipa makabila mapya ili watoto wao wasije wakaitwa watumwa katika ugomvi wa mtaani. Naiheshimu busara hiyo iliyolinda amani za nyumba nyingi, ingawa gharama yake ni kwamba waliouzwa wamekosa pa kutajwa.

Ukimya huo umezaa pia uongo rahisi, kwamba biashara hii ilikuwa ya kabila moja la watu. Wapo wanaosema ilikuwa ya Waarabu tu, na kwa maneno hayo wanawatia hatiani majirani zao wa leo ambao hawakumuuza mtu yeyote. Ukweli ni mnyororo mrefu. Walikuwamo watawala wa bara waliouza mateka wa vita, misafara ya Wayao iliyoelekea Kilwa, Waarabu na Waswahili walioongoza misafara, matajiri wa Kihindi walioikopesha mtaji, wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na Wafaransa na wanunuzi wengine kutoka ng'ambo. Hata Leopold wa Ubelgiji, aliyejitangaza adui wa utumwa, mwaka 1887 alimpa Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu na watumwa, ugavana wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani.

Mitihani migumu

Huyo Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ipo Shangani, Mji Mkongwe, ikijulikana kwa jina lake. Wapo wanaosema jina hilo lisitumike. Siafikiani nao. Nyumba inaitwa yake kwa sababu ilikuwa yake, na kuieleza hivyo si kumpa cheo. Ingekuwa jambo jingine kabisa kama shule mpya ingepewa jina lake leo, na hapo ningekuwa wa kwanza kupinga.

Mtihani unaoniumiza zaidi ni wa mashujaa wetu wenyewe. Abushiri tunamfundisha darasani kama mpinzani wa ukoloni, na alikuwa hivyo. Lakini alikuwa pia na shamba la miwa Pangani lililolimwa na watumwa. Mirambo ana barabara yenye jina lake katikati ya Dar es Salaam, na anastahili kukumbukwa kwa kuunganisha dola kubwa Unyamwezi kabla ya kufariki mwaka 1884. Lakini vita vya rugaruga wake, yaani askari wake, vilizalisha mateka, na mateka wa enzi ile tunajua walikoishia. Kipimo kilichomng'oa Colston kikitumiwa hapa bila kubadilishwa, Mirambo atapona?

Jibu langu ni kwamba ataponea chupuchupu, na asipone bure. Colston alitajwa na mji wake kwa sababu ya mali, na mali ile ilitokana na watumwa. Ukiondoa utumwa, hakuna kinachobaki cha kumwenzi. Mirambo anatajwa kwa sababu ya dola, na dola ile inabaki kuwa jambo kubwa hata baada ya kuyahesabu makosa yake. Lakini hatuwezi kuwadai Waingereza ukweli wote huku sisi tukiwafundisha watoto nusu. Barabara ya Mirambo ibaki, na kitabu cha historia kimtaje Mirambo akiwa na mateka wake, kama kinavyopaswa kumtaja Abushiri akiwa na shamba lake.

Nani aamue, na kwa ushahidi gani

Miji iliyotutangulia imefanya makosa yanayofaa kujifunzia. Liverpool iliwahi kushuku kwamba mtaa wa Penny Lane uliitwa kwa jina la James Penny, mmiliki wa meli za watumwa, na mwaka 2020 vibao vyake vikapakwa rangi na watu wenye hasira; Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa ya mji huohuo ilipochunguza zaidi, haikuona ushahidi wa uhusiano huo. Kwa mitaa ambayo uhusiano wake hauna shaka, Liverpool iliamua kubakiza majina na kuweka vibao vya maelezo. Toronto, kinyume chake, iliamua mwaka 2021 kuibadilisha Dundas Street, barabara ndefu yenye jina la Henry Dundas, mwanasiasa anayelaumiwa kwa kuchelewesha marufuku ya biashara ya watumwa bungeni Uingereza, kisha mwaka 2023 ikauacha mpango huo wa barabara kwa sababu ya gharama, na kubadilisha majina machache tu, pamoja na la uwanja maarufu. Gorée, kisiwa cha Senegali kinachokumbukwa kwa biashara ya watumwa, ilifanya jambo dogo na la wazi: mwaka 2020 uwanja wake uliokuwa ukiitwa kwa jina la Ulaya ukaitwa Uwanja wa Uhuru na Utu.

Kwetu Tanzania, mwaka 2022 wengi wetu tuliona kwa macho jinsi majina yanavyotolewa. Operesheni ya Anwani za Makazi ilipopita, mitaa na vichochoro ambavyo havikuwa na jina vilipewa jina, na kazi hiyo ilifanyika ngazi ya mtaa na kijiji, mara nyingi kwa haraka. Nafasi hiyo haijapita. Anayeona kwamba jina fulani linamwenzi asiyestahili, au kwamba mahali fulani pamesahauliwa, mahali pa kuanzia ni mkutano wa mtaa, kisha baraza la madiwani. Aende na ushahidi ulioandikwa, si uvumi wa barazani. Awatafute kwanza wazee na familia zinazohusika na mahali hapo. Na akumbuke kwamba jina likibadilika, hati za viwanja, leseni za biashara na ramani za simu zinabadilika nalo, hivyo wakazi waelezwe mapema nani atagharamia nini.

Kama ningepewa nafasi ya kupeleka ombi moja tu, nisingegusa jina lolote. Ningeomba kibao Kilwa Kivinje, pale ufukweni majahazi yalipopakia, kiandikwe kwa Kiswahili kwanza na lugha za wageni zifuate. Kiseme kwamba watu walitolewa hapa kwa maelfu kila mwaka, wengi kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Kiwataje waliowateka, waliowauza, waliokopesha mtaji na waliowanunua, bila kuficha kabila wala dini ya yeyote. Kitaje Unguja, Pemba na visiwa vya Wafaransa kuwa ndiko walikopelekwa. Na kiachwe sehemu tupu chini, ili familia yoyote inayojua jina la babu au bibi aliyepitia pale iweze kuliongeza.